Magunia Yaliyorukwa

Rahaleo, Mtwara
19 Novemba 2024

Mpendwa Dada Somoe,

Shikamoo dada. Shemeji na watoto hawajambo? Huko Kigoma mvua zimeanza, au bado mnakula vumbi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mguu wa Mama umepoa. Juzi kaenda Mtawanya mwenyewe, karudi na mihogo.

Najua umesikia ya mdogo wetu Ismaili, maana habari za aibu hazikawii kufika. Tulia dada. Ismaili hajaiba hata korosho moja. Mwenye kosa ni mimi.

Yeye ndiye karani wa kupokea korosho ghalani kwetu, mimi nashughulikia kompyuta. Kilo za kila gunia analopima huingia kwenye faili la XML, daftari la kompyuta. Mimi nimeandika faili jingine la maelekezo, la XSLT, lisome hilo la kwanza na kujumlisha. Msimu ulipoanza jumla ilikataa, ikaandika "NaN", yaani hii si namba. Kwa haraka zangu nikaiamuru iruke chochote kisicho namba. Na nikajisifu.

Kumbe Ismaili, gunia la themanini na nusu analiandika kama tunavyolitamka sote mizanini: "80 na nusu". Kompyuta ikaliruka. Yakarukwa magunia thelathini na moja, dada. Daftari la kijiji, linaloandikwa kabla korosho hazijaletwa ghalani, likazidi jumla ya ghala kwa kilo 2,495 na nusu, na korosho zilishapakiwa kwenye malori, haziwezi kupimwa tena. Viongozi wa ushirika wakamsimamisha kazi. Hata msikitini watu wakawa wanamkwepa.

Jana asubuhi nikayafungua kwenye kompyuta yaliyorukwa, moja moja. Yote yameandikwa "na nusu". Nikarekebisha maelekezo, kila "na nusu" ikasomwa nukta tano, na jumla ikalingana na daftari. Nikaenda kwa mwenyekiti wa ushirika wetu, Mzee Kasiani, nikakiri mbele ya wote ghalani. Leo Ismaili karudi kazini. Nimepumua, dada. Wiki mbili alikuwa amekaa nyumbani tu.

Ila moja linaniuma. Mzee Kasiani alinionyesha karatasi ambayo Ismaili alishaisaini, akikubali kwamba upotevu ni wake. Nilimuuliza Ismaili kwa nini asaini na hakuchukua kitu. Akaniambia, "Hesabu ilikuwa yako, kaka. Nikaona nimekosea mimi."

Mpigie simu, anaona haya kuanza yeye. Nisalimie Shemeji Jafari, na Husna umbusu. Mola awatunze nyote, na atupe uzima tuonane.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Rashidi