Mtani Wangu Ananiamkia Shikamoo

Mpendwa Shangazi Levina, naomba msaada wako upesi, na ukiona mwandiko unatetemeka usidhani ni uzee, ni aibu.

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Katindiuka, pembeni mwa mji wa Ifakara, umri wangu unakaribia sabini, na watu wengi huku hawaniiti kwa jina la ubatizo bali Mzee Hewani, na jina hilo sikuokota, maana simu za mkononi zilipoanza kufika kwetu mimi ndiye niliyekuwa nayo wa kwanza, lile dude zito lenye mkia, na mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya nyumba yangu, basi watu wakawa wanapanga foleni tangu asubuhi, huyu anampigia mwanawe Dar es Salaam, yule anauliza bei ya mchele, nami nimesimama pale kama mkurugenzi, bonyeza hapa, sogea kushoto kidogo, usipige kelele mama, anakusikia. Nusu ya wazee wa hapa mimi ndiye niliyewafundisha kupiga simu, Shangazi. Ukumbuke hilo unaponihukumu.

Sasa mwaka jana mwanangu Nickolaus alikuja likizo, akachukua kitochi changu, simu ile ndogo ya batani, akakitupa kabatini, akanipa simu ya kupangusa, akaniuliza, "Baba, nikuelekeze?" nikamjibu, "Mimi? Unielekeze simu mimi?" na hapo ndipo nilipoanza kuharibu, kwa sababu nilikuwa sijui kitu. Simu yenyewe ukiigusa inaondoka, usipoigusa inalala, mtu akikupigia unabonyeza weee kumbe unatakiwa uvute, na siku moja ilianza kuniuliza maswali kwa sauti ya mwanamke nikiwa kanisani.

Nickolaus aliniingiza kwenye grupu la kigango chetu na akanionyesha jambo moja tu ambalo nililishika, kwamba ukikandamiza ujumbe kwa kidole zinatokea alama, unachagua dole gumba, na hapo wote wanajua umeona. Shangazi, lile dole lilikuwa ukombozi wangu. Ujumbe kwenye grupu unamwagika kama kumbikumbi na herufi zake ni ndogo, nani atasoma yote, mimi nilikuwa nashuka mpaka chini kabisa, nagonga dole, nafunga, na watu wananisifu, Mzee Hewani bado yumo. Halafu siku hizi huku kwetu watu hawaambiani habari, wanaulizana tu, "Umeona kwenye grupu?" na mimi kila nilipoulizwa nilijibu, "Nimeona," kwa sababu ningesema sijaona wangeniuliza kwa nini.

Sasa niingie kwenye kidonda chenyewe. Nina mtani wangu, Hermenegildi, anakaa mwisho wa kigango kule mashambani, na utani wetu ni wa koo, tangu kwa babu zetu kule Mahenge, hatujawahi kusalimiana kama watu wenye adabu, yeye akiniona njiani anasema, "Wewe bado hujafa tu? Mbao za jeneza lako zimeliwa na mchwa!" nami namjibu, "Nakungoja wewe utangulie ukanishikie nafasi." Mkewe Konsolata alikuwa akitusikia anacheka mpaka anakaa chini. Na kama unavyojua, mtani ana kazi yake msibani, ndiye anayeingia kaburini kujilaza aone kama linatosha, ndiye anayewazuia wafiwa njiani mpaka watoe chochote, ndiye anayeigiza mwendo wa marehemu mpaka waliokuwa wanalia wacheke huku machozi yanatoka.

Mwezi wa tano mke wangu Sikitu alikuwa Chita kwa binti yetu aliyejifungua, na mimi nilikuwa nafunga mzigo niende Mbingu kuamia ndege, maana mpunga ulikuwa umeshaanza kukomaa na ndege hawana huruma. Asubuhi hiyo ikaingia picha kwenye grupu. Nickolaus aliitegesha simu picha zisifunguke zenyewe zikamaliza bando, kwa hiyo nikaona ukungu tu, mtu mwenye nguo nyeupe na kitu kama maua pembeni, nikajisemea hii ni ile jubilei ya ndoa ya Hermenegildi waliyokuwa wanaizungumzia, nikafurahi kwa moyo wangu wote, nikagonga dole. Niko njiani kwenda stendi nakutana na Beatus, katibu wa kigango, yuko mbio kwenye baiskeli, ananiuliza, "Mzee, umeona kwenye grupu?" nikasema, "Nimeona." Akasema, "Basi kesho saa nane," nikasema, "Tuko pamoja," nikijua ni kikao cha jubilei na mimi vikao vinanichosha. Nikapanda gari la kwenda Mlimba nikashukia Mbingu, nikakaa dunguni napiga debe kufukuza ndege mpaka wiki ikaisha, simu imezima, raha mustarehe.

Kurudi, mama mmoja stendi akanishika mkono akaniambia, "Pole, mzee, na msiba wa Konsolata." Shangazi, nilijibu, "Asante, tumeshapoa." Nilijibu hivyo! Mdomo ulishazoea. Nikatembea kama mtu aliyepigwa rungu, kumbe ile picha ilikuwa tangazo la msiba, presha ilimchukua usiku, wakamzika kesho yake saa nane, na kaburini mtani hakuwepo.

Nikaenda kwa Hermenegildi jioni hiyo hiyo na kapu la mchele, na njiani nikatunga kwamba nilishikwa na homa kali kule shamba. Aliponiona akasimama. Akavua kofia. Akaniambia, "Shikamoo, mzee wangu." Mimi naye tumezaliwa mwaka mmoja! Nikamweleza ile homa yangu. Akanifutia kiti, akasema, "Pole sana na homa, karibu ukae," na mjukuu wake akasema kwa upole tu, "Babu aliona mapema sana tangazo, dole lake lilikuwa la kwanza." Hakuna aliyenigombeza. Nilikunywa maji nikaondoka.

Tangu hapo kila tukikutana ananiamkia shikamoo, ananiuliza afya yangu, ananipisha njia kama paroko, na mimi nakwisha, Shangazi, chakula hakishuki. Sikitu amerudi naye nimempa hadithi ile ile ya homa na sasa ananichemshia majani machungu kila asubuhi na nayanywa. Nikisema ukweli, kwamba sikusoma, Katindiuka yote itajua kuwa Mzee Hewani hajui simu, watoto watanicheka, na Hermenegildi mwenyewe huenda asiamini. Nisiposema, ndiyo nimempoteza. Nimewaza kuhamia Mbingu moja kwa moja. Naomba unieleze mambo mawili: je, lile dole linaweza kufutika? Na je, nimwambie nini mtani wangu?

Tafadhali jina la ubatizo usiliandike, wasije wakanitambua.

Ni mimi, Mzee Hewani, Katindiuka.

*

Mzee Hewani, shikamoo. Hiyo ni ya heshima, ipokee, maana baada ya hapo nakusema.

Kwanza jina lako la ubatizo nimelificha kama ulivyotaka, ingawa kwa kisa hiki na jina hilo la Hewani, hata mbuzi wa Katindiuka wameshakutambua. Kwa hiyo usome majibu haya umesimama na viatu umevaa. Gazeti hili likifika kwa Hermenegildi kabla yako, utakuwa umechelewa mara ya pili.

Pole kwa simu. Sikucheki kwa hilo, au nakucheka kidogo tu. Mimi ninayekushauri hapa juzi nilimpigia paroko wetu kwa video bila kujua, akaangalia dari la jikoni kwangu huku ananisikia nagombana na sufuria. Simu hizi zilitengenezwa na watu wenye macho ya miaka ishirini na vidole vya miaka kumi. Kutokuzijua si dhambi, na kugonga dole kwenye picha yenye ukungu ni ajali. Ajali husamehewa siku hiyo hiyo mtu akisema, "Jamani, nimekosea."

Lakini wewe hukusema. Umeniuliza kuhusu dole, mzee wangu, kama vile dole ndilo lililokuharibia. Dole linafutika, unalikandamiza tena linaondoka, mtoto yeyote atakuonyesha. Kilichokuharibia ni hilo neno lako "nimeona". Umelisema kwa Beatus hujaona. Umempokelea yule mama pole ya msiba usioujua. Kisha ukapanda ngazi moja zaidi ukajitungia homa, na sasa unakunywa majani machungu ya ugonjwa usiokuwa nao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakufikiria kama atatokea mtu wa kuficha uzima! Mwambie Sikitu leo kabla hajakuchemshia mengine. Akigomba, mwache agombe, ana haki.

Halafu hicho kichuguu. Ulikuwa wa kwanza kuwa na simu, hongera, na waliofundishwa na wewe bado wanakukumbuka kwa wema. Lakini jiulize: wale waliopanga foleni kwako walikuwa hawajui simu hata kidogo, na hawakuona haya kukuambia, "Mzee, nionyeshe pa kubonyeza." Uliwacheka? Hukuwacheka, uliwasogeza kushoto wakapata mtandao. Sasa zamu yako imefika ya kusogezwa, unataka kuhamia Mbingu ukaishi na ndege. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, sisi wenyewe ikifika zamu yetu tunavimba.

Na nyinyi wa grupu, Beatus na wenzako, nanyi msinikimbie. Tangu lini msiba ukatangazwa kwa "umeona"? Mtu akifa, mtu anatumwa. Anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa, ndipo anasema. Wekeni picha zenu kwenye grupu, hakuna anayewakataza, lakini kwa wazee na kwa watani tumeni miguu. Ulikuwa na huyu mzee uso kwa uso, Beatus, ungetamka tu "Konsolata ametutoka", leo nisingekuwa na barua hii mezani.

Turudi kwako. Kuhusu simu, chagua moja. Kama kitochi bado kiko kabatini, kitoe, kina heshima zake, kinapiga na kinapokea. Kama unataka kubaki na hiyo ya kupangusa, mpigie Nickolaus umwambie, "Mwanangu, sijui, njoo unielekeze," akukuzie herufi na akufundishe kufungua picha. Na mtu yeyote akikuuliza kama umeona kwenye grupu, jibu lako kuanzia sasa ni hili: "Sijaona, niambie." Lifanyie mazoezi ukiwa peke yako mpaka mdomo ulizoee kama ulivyolizoea lile lingine.

Kuhusu Hermenegildi, unaogopa hataamini. Ataamini. Yule bwana amekujua maisha yako yote, na ukimwambia ulijifanya unajua kitu usichokijua, hilo halitamshangaza hata kidogo. Kitu anachoshindwa kukimeza ni kwamba mtani wake aliona mke wake amekufa, akagonga dole, akaenda shamba. Hicho ndicho anachokiamini sasa hivi unaposoma hapa. Kila ukilinda jina lako la Hewani, unamwachia yeye aendelee kuamini hivyo. Sasa chagua mwenyewe: uonekane hujui simu, au uonekane huna utu?

Nenda mchana, watu wakiwa wapo. Beba jogoo, si wa kununulia msamaha, ni faini ya mtani aliyekimbia kazi yake, na faini hiyo wewe mwenyewe unaijua, umewatoza wengine. Usianze na simu. Usianze na ukungu wala Nickolaus wala bando, hayo atayauliza baadaye na mtacheka au hamtacheka. Akikuamkia shikamoo, usiitikie marahaba, mkatishe hapo hapo umwambie, "Sikujua kama Konsolata amekufa." Basi. Usiongeze neno.

Nakupa na sababu ya kunyamaza hapo. Nimesoma barua yako mara mbili, mzee wangu. Umeniandikia simu kila aya, umeniandikia aibu, umeniandikia kichuguu na majani machungu, lakini huyo mwanamke aliyekuwa anacheka utani wenu mpaka anakaa chini umempitia kwa mstari mmoja ukaendelea na safari. Chakula hakishuki ukadhani ni shikamoo. Umekuwa na kazi kubwa ya kuficha kwamba hukujua amekufa, hata nafasi ya kumlilia hukuipata.

Nenda ukamlilie. Mumewe atakuonyesha kaburi lilipo.

Shangazi Levina