Mshale Uliopita Kumi na Nne

Jumamosi, 5 Oktoba 2019

Geji ya turbo ya gari langu imefika! Siku tisa nachungulia sanduku la barua. Marlys anasema angejua, asingeolewa na mtu mwenye mke mwingine gereji.

Kuchagua kumenitoa jasho. Ya umeme au ya bomba la mpira? Ya umeme inaleta waya tu. Ya mpira inaileta hewa yenyewe kutoka injini hadi mbele ya pua yako — turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ikifanya kazi, mshale unapanda. Nimechukua ya mpira. Sitaki kompyuta initafsirie gari langu.

Gari lenyewe nililinunua kwa Fino Lucero masika ya mwaka huu. Rafiki yangu wa miaka ishirini na mbili, tumekula vumbi moja mgodini. Aliapa, mkono kifuani: injini haijaguswa, iko vile ilivyotoka kiwandani. Na Jumatatu ya tarehe 14, saa tatu asubuhi, mimi na yeye tunatia sahihi mkataba wa karakana yetu. Kiinua mgongo changu chote kinaingia humo. Naona raha na woga, vyote pamoja.

Jumapili, 6 Oktoba

Kazi ya saa moja imekula siku nzima. Nimetoboa kipande cha mpira kwenye ukuta ulio kati ya injini na viti, nikapitisha kijibomba, nikakiunga kwa kiungo cha T, nikafunga geji kwenye nguzo ya kioo, upande wangu. Kidole kimechanika. Matusi sihesabu.

Nikawasha. Injini inanguruma tu, haijakanyagwa — mshale unatakiwa ukae upande wa kufyonza, kwenye ishirini. Ndivyo karatasi ya geji inavyosema. Wangu umekaa kumi na tatu! Hewa inavuja mahali. Nimefungua kila kitu, nimefunga upya. Kumi na tatu. Nimelala chini ya boneti nikitega sikio hadi Marlys akaja kuuliza kama nimekufa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Aibu. Nimeenda kwa Hollis, duka la vipuri, nimemweleza ugonjwa wa injini yangu mbele ya wateja watatu. Hollis amecheka mpaka akakohoa.

— Galen, mzee wangu, unaishi wapi wewe? Futi elfu saba juu ya bahari! Hiyo karatasi wameiandika watu wa pwani. Huku hewa yenyewe ni kiduchu, utaifyonza kutoka wapi?

Nimezaliwa hapahapa Salida, mlimani. Miaka hamsini na moja napumua hewa hii! Nimesoma karatasi kama mtalii. Wateja wale nao walicheka, mmoja alinipigapiga begani.

Jumanne, 8 Oktoba

Theluji. Gari halikutoka. Nimezungukazunguka nyumbani, nikafukuzwa jikoni mara mbili.

Jumatano, 9 Oktoba

Barabara imekauka. Nimepanda mlima wa Poncha, gia ya tatu, mguu chini kabisa. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nne — hapo ndipo kiwanda kilipoishia, hapo mshale usimame. Haukusimama. Kumi na nane. Ishirini na moja!

Nikaachia. Nikarudia mara mbili. Ishirini na moja.

Basi injini hii mtu kaigusa. Ameilazimisha kusukuma kuliko uwezo wake, na siku moja itapasuka tu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nimeipenda nguvu hiyo. Kiangazi kizima nimejisifu nayo kwa kila mtu, na Fino alikuwa ananisikiliza, anatabasamu.

Au geji ni mbovu. Au mimi ndiye mbovu tena, kama Jumatatu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeazima geji ya Hollis, ile anayopimia magari ya wateja. Marlys ameishika mapajani njia nzima, macho kwayo. Ishirini na moja.

— Muulize Fino, akasema.

— Nikimwuliza na si yeye? Alilinunua kwa daktari mmoja wa Pueblo. Labda ni daktari.

— Labda. Muulize.

— Nitakuwa nimemwita mwongo, Marlys. Miaka ishirini na mbili!

— Na usipomwuliza unatia sahihi na nani?

Nimeosha vyombo, na havikuwa vingi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sijamwuliza. Nimeshika simu mara nne.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika nikiwa ndani ya gari, daftari juu ya usukani.

Asubuhi niliichomoa geji. Nikaacha tundu tupu kwenye nguzo. Nimemtegea rafiki yangu mtego, na nimejionea haya tangu nilipoamka. Nilitaka tu asiwe na namba ya kusoma.

Fino amekuja na burito, chapati za kukunja zenye pilipili ya kijani, furaha tele. Kibao cha karakana kimeshachorwa, majina yetu mawili, Lucero na Prather. Akaingia garini, twende tuzunguke kidogo. Akaliona tundu.

— Nini hiki, kaka?

— Geji ya turbo. Bado sijaiunga.

Tukafika darajani. Kisha akaanza kuongea, na hakupumzika: rangi ya milango, binti yake, hali ya hewa. Fino huyu huyu ambaye hukaa saa nzima bila kutoa neno.

Mlimani nikaweka gia ya tatu. Mguu chini. Nikangoja.

— Polepole, Galen.

Sikupunguza.

— Achia! Achia, bwana! Inakwenda ishirini na moja hiyo, utaiua!

Nikaachia. Sikumtajia mtu yeyote namba hiyo, ila Marlys. Hata Hollis sikumwambia. Fino aliijua bila geji. Nimeegesha pembeni, akafungua mlango, akatoka.

Amesimama kwenye ukingo wa barabara, amenipa mgongo, dakika kumi sasa. Malori yanampita. Nimekasirika, na bado nataka kumwambia avae koti, baridi itamuua. Kesho saa tatu tunatia sahihi.

Amegeuka. Anakuja. Amevua kofia — Fino, asiyeivua hata mezani — ameishika kwa mikono miwili. Haji upande wake. Anakuja dirishani kwangu.

Anagonga kioo