Jozi ya Tisa Uliyoivunja

Baba Nasra,

Assalamu alaykum. Sijui kama salamu ya mke mwenye hasira inafika huko uliko, lakini naitoa, maana hata tulipogombana sikuwahi kukunyima salamu. Leo Jumanne. Nimetoka kazini saa nane, nimepanda mabasi mawili kutoka hospitali ninayosafisha kule Harborne, miguu imevimba kama kawaida yake, na nimekaa kukuandikia kabla ya kuvua koti. Nikilivua nitalala.

Sisi wazima. Nasra amenipita urefu, viatu vyangu havimwingii tena. Bomba la bafuni ulilosema utalitengeneza bado linavuja, nimeweka ndoo. Siku za mpira magari ya watu yanaziba mlango wetu vilevile, na sasa hakuna wa kutoka nje kugombana nao. Mimi nawatazama tu dirishani. Nimechoka, Baba Nasra. Hilo ulijue kwanza, mengine yafuate.

Nimejifunza mchezo wako.

Baada ya arobaini nilikuwa natoa nguo zako niwape watu. Nyuma ya kanzu yako ya Idi nikakuta sanduku la kete nyeusi za Kichina zenye vidoto, na daftari la zamani la Nasra lililojaa mwandiko wako. Kurasa kwa kurasa za vidoto, vingine umevipaka rangi nyekundu. Nilidhani dhumna, nikatabasamu peke yangu. Halafu ikadondoka kadi ya kasino. Nikakaa chini sakafuni na suruali zako mapajani, nikajua kiinua mgongo chako kilikwenda wapi.

Ulipopunguzwa kiwandani uliniambia fedha zile ni tiketi zetu tatu za Unguja, twende nikamwone mama. Baadaye ukaniambia zimeliwa na bili. Nikaamini, kwani bili zipi zisizokula? Mama akaugua, nikakuuliza tena, ukaniambia hakuna kitu. Alipofariki nilikuwa stoo ya mafagio kule hospitali, tanzia nikaipokea kwenye simu, nimeshika ndoo. Sikumwosha mama yangu. Sikumshika mkono. Miezi minane baadaye moyo wako nao ukasimama, na wewe ukaondoka bila kuniambia.

Kwa hiyo nilijiapia kwamba nitajifunza mchezo huu mpaka nijue kitu kimoja: mume wangu alikuwa mjinga, au alikuwa na bahati mbaya tu? Mjinga ningemsamehe. Mwenye bahati mbaya ningemsamehe upesi zaidi. Niliyekuwa siwezi kumsamehe ni mtu nisiyemjua.

Nikalibeba sanduku mpaka kwa Mzee Lau, yule Mchina wa duka la samaki na chipsi hapo pembeni. Nilijua mnajuana. Siku ya maziko yako alisimama nje ya geti la makaburi amevua viatu, kavishika mkononi, kwa kuwa hakujua kama vinavuliwa au havivuliwi. Alipoliona sanduku aliinamisha kichwa. "Ni mimi niliyempeleka kule," akaniambia. Kiingereza chake na changu vyote vinachechemea, lakini hilo nililielewa mara moja. Akasema tangu ulipokufa hajakanyaga tena kasino. Nikamwambia sitaki toba yake, nataka anifundishe.

Basi kila Jumanne, akishafunga mchana na kabla hajafungua jioni, tulikaa chumba cha nyuma katikati ya magunia ya viazi. Tulicheza kwa vile viuma vya mbao vya kulia chipsi. Haramu ni haramu hata kwa viuma vya chipsi, Mungu anisamehe, ila tulivirudisha vyote kwenye boksi kila tulipomaliza.

Siku ya kwanza alinigawia kete nne. Nikaona moja ina nne na tano, nyingine tatu na sita. Nikazitenga mbalimbali, kwa sababu kwenye dhumna yetu kete kama hizo hazikamatani popote. Kisha nikainua moja nikaibamiza mezani, paa! Chai ikamwagika. Mzee Lau alicheka mpaka akakohoa. "Mister Ali, same! Same bang!" Kumbe na wewe siku yako ya kwanza ulibamiza, na wewe ulizitenga. Kete zile zote mbili ni za tisa, na kwao ni jozi, ingawa hazifanani hata kidogo. Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu uondoke. Nilikumbuka pale barazani kwa kina Mwalimu, nilipokuwa napita na kikapu changu, ulivyokuwa unaibamiza dhumna kwa nguvu ili tu nigeuke. Niligeuka, si niligeuka?

Mchezo wenyewe unaujua, lakini acha nikueleze uone kama nimeshika. Unapewa kete nne, unazigawa mikono miwili, mdogo na mkubwa. Unajumlisha vidoto, ukipita kumi unaitupa kumi, tisa ndiyo ya juu. Jozi inaipita hata tisa. Ili ushinde lazima mikono yako yote miwili impige anayeshika meza. Ukipiga mmoja na kupigwa mmoja ni sare, kila mtu anachukua chake. Mkilingana, anachukua yeye, na hapo ndipo wanapowalia watu taratibu. Ujanja wote uko kwenye kugawa. Ukiwa na nguvu, igawe ili mkono mdogo nao usimame. Ukiwa dhaifu, usijigawe. Uache mdogo ufe, okoa mkubwa, chukua sare uende zako.

Nilijifunza nikipiga deki. Wodi nzima kichwani mwangu ilikuwa kete: nane na tano, tatu, nane na sita, nne. Nasra alinifuma jikoni siku moja. "Mama, are you okay? Mbona unaongea na mop?" Nikamwambia nahesabu sala. Jumanne akiniuliza mbona nachelewa, nikamwambia ovataimu.

Nilipokuwa tayari nikalifungua daftari lako. Nilipitia kila mgao, ukurasa baada ya ukurasa, na Mzee Lau akapitia nyuma yangu na miwani yake puani. Hukukosea. Umekaa miezi na miezi ukiandika, na kote umepatia. Kuna mahali umeandika: "Jozi ya tisa, pamoja na sita na saba, USIVUNJE. Mdogo uwe tatu. Chukua sare." Umepiga mistari miwili chini yake, kama ulivyokuwa unampigia Nasra kwenye hesabu zake. Nilijisikia fahari, unasikia? Nilimwambia Mzee Lau, basi mume wangu hakuwa mjinga, ilikuwa bahati mbaya.

Mzee aliinuka. Akaenda kunawa mikono, akarudi, akaenda kunawa tena. Hiyo ilikuwa Jumanne iliyopita, na toka siku hiyo sijala vizuri.

Aliniambia ulicheza kama daftari linavyosema, na ulikuwa ukipungua kidogo kidogo, kwa sababu hata anayecheza sawasawa hupungua. Lakini nusu ilikuwa bado ipo. Nusu, Baba Nasra. Kisha ikaja Alhamisi ya wiki ile tuliyopigiwa simu kwamba mkweo kalala kitandani na haongei. Ulikaa mezani saa tisa mchana, ukapewa jozi ya tisa, sita na saba. Mzee Lau alikuwa ubavuni mwako, anasema alikuona ukizitazama, kisha ukaivunja. Tisa na sita, tano. Tisa na saba, sita. Mwenye meza akafunua sita na nane, ambapo jozi nzima ingekupa sare, akachukua yote. Na iliyofuata ukaivunja. Na iliyofuata.

Alikushika mkono wa shati. Alikwambia kwenye zilizobaki tiketi ya mkeo imo, inuka, ukainunue. Ukamwambia: "Nitampaje nusu? Ataniuliza nusu nyingine."

Alhamisi ile naikumbuka. Ulirudi nyumbani ukaosha vyombo. Wewe, ambaye tangu tuoane hukuwahi kugusa sufuria ila kwa kupakua. Nikasema moyoni, ananionea huruma kwa ajili ya mama. Nikafurahi. Nikakupikia chai ya tangawizi ukanywa ukinitazama.

Kwa hiyo sikupata mjinga, wala mwenye bahati mbaya. Ulijua vizuri kabisa, ukaona aibu. Ulitaka kunirudishia tiketi zote tatu ili usiulizwe swali moja. Nimegeuza hili wiki nzima, kazini, kwenye basi, kwenye sujudu, Mungu anisamehe. Ungeniambia, Baba Nasra! Ningelia. Ningekutukana matusi ambayo mama yako hajawahi kuyasikia, ungelala sebuleni mwezi mzima. Lakini ningepanda ndege. Ningemkuta mama yangu hai.

Nimekasirika kiasi kwamba jana niliitoa picha yako ukutani. Baadaye nikairudisha. Ukuta ulikuwa na alama yake, na mimi sina nguvu za kupaka rangi.

Leo sikwenda kwa Mzee Lau. Nilikuwa kwenye basi nafikiria nitamwambia nini Nasra akiniuliza, na ovataimu ilikuwa tayari mdomoni. Hapo nikashtuka. Miezi yote hii mtoto ananiuliza naenda wapi, na mimi namdanganya kwa sababu naona aibu. Naogopa akijua hili ataniuliza na lile, na habari za bibi yake, na zako wewe. Nimefanya kama ulivyofanya, neno kwa neno, na sikuwa na kete hata moja mkononi.

Sijakusamehe. Nisikudanganye na wewe huko. Lakini nimekuombea dua leo asubuhi, na kwa mara ya kwanza nimeimaliza yote bila kusaga meno. Mungu akupanulie kaburi lako, akuondolee aibu ile, maana naamini umekwenda nayo. Nikipata likizo nitakwenda Unguja, nitakaa kwenye kaburi la mama, nitamweleza kwa nini sikufika. Sitakupaka matope mbele yake. Nitamwambia kama ilivyokuwa.

Hilo ni la baadaye. La leo ninalokuahidi ni dogo. Namsikia Nasra anafungua geti, anatupa begi. Ataingia, atauliza mbona niko nyumbani mapema na koti mwilini. Nitamkalisha hapa nilipo na nitamwambia yote, hata nusu ya pili.

Kwaheri, baba watoto. Naenda kumfungulia.

Mkeo,
Mama Nasra