Mutua na Tangi la Petroli

Makindu, Jumatatu

Mama Mwende,

Bwana asifiwe, mke wangu. Naomba barua hii ikukute umesimama, maana uliandika kwamba mgongo ulikulaza siku tatu. Na mama, mguu wake umepoa? Mimi ni mzima, ila nanuka petroli, na kichwa hakijatulia.

Uliniuliza swali moja tu: watu wa Mutua walete mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa Mwende wetu, Jumamosi hii, ama wasilete? Najua nimekuzungusha tangu mavuno. Nilisema sitampa Mwende mtu wa spana, ati mimi wa usukani ni mtu mkubwa. Basi ngoja nikueleze yaliyonipata, kisha unisaidie kuelewa.

Mwajiri wangu, mwenye duka la mabati, alinunua gari jipya kutoka Japani. Jipya kwetu, kwao lilikuwa limeshachoka. Viti bado vina karatasi ya nailoni, na ukiigusa unaulizwa kama ni yako. Jumatano gari likakataa kuwaka. Stata inazunguka, petroli haifiki. Nikamwambia ni pampu, kazi ya nusu saa.

Nikafungua boneti. Magari yote niliyoyajua, pampu iko ubavuni mwa injini, unaiona, unaisalimia. Hili halina. Nikalizunguka kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Mwisho nikafuata bomba hadi nyuma, likaingia kwenye tangi na halikutoka. Kumbe pampu imo ndani ya tangi! Mama Mwende, nani hufungia ufunguo ndani ya nyumba?

Nikaagiza pampu kutoka duka la spea pale Salama. Nilisahau kwamba Mutua anafanya kazi gereji iliyo jirani na duka hilo. Ijumaa asubuhi pampu ikafika mkononi mwa Mutua mwenyewe, ameshuka kwenye lori. Alinikuta chali chini ya gari, bolti tatu za tangi nimeshafungua. Akanisalimia kwa adabu, akainama, akaangalia, akanyamaza kidogo. Kisha akavua shati na kulala kando yangu.

Tulihangaika mpaka alasiri. Tangi lilikuwa limejaa, kwa hiyo tukanyonya petroli kwa mpira hadi kwenye mitungi. Mimi nilimeza, yeye akameza, tukawa tunacheua kwa zamu. Tuliposhusha tangi lilitua kifuani mwangu, yeye akaliinua kwa magoti. Tukabadilisha pampu. Nilipolala tena ili tulirudishe, nikatazama juu, na pale pale juu ya pampu nikaona kifuniko cha duara kwenye sakafu ya gari.

Nikamuuliza ni cha nini.

"Ni cha pampu, mzee."

"Kinafunguliwa wapi?"

"Chini ya kiti cha nyuma. Unainua kiti, skrubu nne."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu niiname."

"Sasa mbona ukanyamaza?"

Akaifuta spana kwenye suruali. "Nilikuta umeshaanza, mzee."

Mke wangu, sijui kama nilitaka kucheka ama kumpiga na hiyo spana. Gari liliwaka mara ya kwanza. Mwajiri akanisifu mbele ya wateja, na Mutua akasema kazi yote ilikuwa yangu, kisha akatafuta lori la kurudi.

Tangu Ijumaa nawaza. Hii ni heshima ya wakwe, ama ni uoga? Ama alitaka kuniona nikimeza petroli? Jumamosi na jana, hata kanisani, nilitega masikio nisikie nani ananicheka. Hakuna. Kijana hakumwambia mtu.

Halafu usiku nikakumbuka shamba la marehemu baba yako, mwaka ule nilipokuja kukuposa. Mzee alifunga maksai, wa kulia akamweka kushoto, nao walishazoea pande zao. Tukalima mistari iliyopinda kama nyoka mpaka saa sita, mimi nimeshika plau, nimefunga mdomo. Nilijua tangu mstari wa kwanza. Jioni ulinicheka ukaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilikujibu nini? Nimesahau kabisa. Kama unakumbuka, uniambie nikifika, maana ndilo jibu ninalolitafuta.

Lakini mbuzi wasingoje hilo jibu. Tuma mtu kwa wazee wa Mutua, waambie waje Jumamosi. Mimi nitafika Ijumaa kwa basi. Na umwonye Mwende: mumewe ni mtu wa kunyamaza akijua, kwa hiyo yeye awe wa kusema, la sivyo watashusha tangi kila siku.

Nisalimie mama, shemeji yangu fundi cherehani, na mzee wa kanisa aliyekuletea maji ulipolala. Mwende usimsomee ile sehemu ya kumeza.

Nimeoga mara nne na harufu haitoki. Siku ya kuchoma nyama, mniketishe mbali na moto.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende