Ofisi Iliyogawa Unga

Guangzhou, Jumanne, Novemba 1998

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Nguo hazikauki, na mimi sina moyo wa kwenda sokoni.

Jana nilikwenda kukodi stoo nyuma ya barabara ya Yide Lu, niweke midoli na madaftari yangu ya kwenda kuuza nyumbani mpaka kontena lijae. Mlinzi wake ni Mzee Liang, mtu wa miaka sabini hivi, anayeongea Kiingereza kizuri kuliko changu. Nikamuuliza alikisomea wapi.

"Hapa hapa," akasema. "Hili lilikuwa ghala la ofisi ya misaada."

Akanisimulia tumekalia maboksi. Vita na Wajapani vilipokwisha, meli zilileta unga, maziwa ya kopo na nguo kuukuu kutoka nje, na serikali ya wakati ule ikaunda ofisi ya kuvigawa. Yeye, kijana wa miaka ishirini, alikuwa karani na mkalimani wa wageni. Kupata unga mtu alitakiwa awe na kadi, na kupata kadi awe na anwani. Magunia mengi yakatolewa kwa mlango wa nyuma, yakauzwa kwa wenye maduka. Serikali ile ilipokimbia, ofisi ikafungwa, naye akaamriwa kuchoma madaftari ya majina. Ilimchukua siku mbili.

"Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi kwenye mashua," akasema. "Watu wa mtoni hawakuwa na anwani. Nilimwambia arudi kesho. Alirudi asubuhi kumi na moja mfululizo. Ghala lilikuwa limejaa, Madam. Ya kumi na mbili hakuja."

Hakulia. Alinitazama tu, kama anayengoja nami nimwambie kitu.

Sikumwambia.

Basi niandike hapa. Kondoa, mwaka wa njaa, nilikuwa na miaka tisa. Baba alitunza ghala la unga wa njano wa msaada, ule tuliouita yanga. Magunia matatu yalikuwa chini ya kitanda chake. Jirani yetu, Mama Tatu, alikuja na bakuli, mtoto mgongoni. Baba akaninong'oneza, nami nikatoka mlangoni nikasema, "Baba anasema umekwisha."

Nilisema huku natafuna.

Baba amekufa bila kulitaja jambo hilo. Mimi nimelibeba mpaka huku.

Leo mchana nimekwenda kupiga simu nyumbani.

"Shikamoo Mama. Yule mtoto wa Mama Tatu, wa mwaka wa njaa, aliishia wapi?"



"Mbona unaniuliza leo?" Kisha, polepole: "Nilimwosha mimi, kabla hajazikwa. Alikuwa mwepesi mikononi, kama kanga iliyokunjwa."

Alijua. Miaka yote hii Mama alijua kwamba bakuli lile lilirudi tupu, na kwa nini.

"Na Mama Tatu mwenyewe?"

"Yupo. Kila ukisafiri anakuja kuuliza kama umefika salama."

Nikakata simu bila kuaga. Nimerudi chumbani, nimekaa kitandani na viatu vyenye maji.

Mzee Liang hana pa kwenda. Yule mama wa mashua hakuandikwa popote, hata kwenye madaftari yaliyoungua. Mimi ninapo pa kwenda: nyumba ya pili kutoka kwetu, mlango unaotazama kisima.

Nikifika Kondoa nitaanzia kwa Mama Tatu, kabla sijaingia kwetu. Nitamwambia unga ulikuwepo. Akinifukuza, nitatoka.

Lakini akinitandikia mkeka na kunipakulia, nitaweza kula?