Divai Yenye Picha Yako

Baba,

Nimekasirika hata salamu imenishinda. Nimekaa jikoni kwangu Naitiri, pipa limefunikwa kwa blanketi kando ya moto, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijamwambia mwanao maneno ambayo Mama atanilaumu nayo.

Mwanao Njoroge amekuweka kwenye chupa. Ile picha ya kitambulisho tuliyotumia kwenye karatasi za mazishi yako, amekata kichwa, akakipeleka kwa watu wa kuchapisha, na sasa unanitazama kutoka kwenye chupa za plastiki kule Kanduyi, katikati ya soda na maji. Chini ya kidevu chako wameandika: Divai Asili ya Mzee, haina kemikali. Nilisoma mara mbili, nikanunua chupa moja.

Haina kemikali. Na wewe hukuruhusu hata sabuni iingie kwenye kile kibanda chako cha divai. Unakumbuka siku uliyonifukuza kwa sababu nilikuwa nimejipaka mafuta ya mikono? Ulisema nyuki hawajaomba manukato. Kazi yako ilikuwa asali ya mizinga yetu, maji ya kisima, juisi kidogo ya miwa ya Kabuchai, na yale matunda ya muratina yaliyokauka, meusi, yenye sura mbaya, ambayo Guka, baba yako, aliyabeba kutoka Murang'a akija kutafuta shamba huku Kitale. Hayo ndiyo yaliyochachusha. Ukishatoa divai uliyaanika juani, ukayarudisha kwenye gunia, yakangoja kazi nyingine. Hayakuoshwa hata kwa maji matupu, sembuse sabuni.

Basi mwanao ameyaosha. Ati mteja mmoja alikuta uchafu kwenye chupa. Akayaloweka usiku kucha kwenye ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, asubuhi yakatoka meupe kama mifupa, na akanipigia simu akijisifu: "Wambui, kuja uone usafi." Nilienda. Kibanda chako kinanuka choo kilichooshwa kwa ajili ya wageni. Alipoona matunda hayachachushi tena hata hakushtuka. Alinunua hamira ya maandazi, sukari, rangi ya keki, na spiriti ambayo hataki kusema inatoka wapi. Mizinga iko tupu, imejaa buibui. "Watu hawajui tofauti, bana," akaniambia. Baba, nilimwangalia nikashindwa kuamini tulinyonya titi moja.

Ningenyamaza kwa sababu ya Mama. Lakini sasa amemgusa mtoto wangu. Kariuki anataka kuoa. Msichana anaitwa Nafula, wa Kabuchai, mpole lakini si mjinga, ungempenda. Tulienda kwao kwa mazungumzo ya mahari, na kwa kuwa wanaume ndio hubeba divai, ilikuwa kazi ya Njoroge kuileta. Nilimsihi alete hata soda. Akaja na dumu.

Baba yake Nafula ni mzee wa maneno machache. Divai ilipomiminwa kwenye pembe yako ya kunywea akapewa, naye akamrudishia Njoroge kwa mikono miwili. "Kwetu na kwenu ni sawa," akasema. "Mwenye kureta ndiye anaanza." Na si ndivyo ulivyofanya miaka yote? Hukumpa mtu pembe kabla hujakunywa mwenyewe, wote wakikutazama koo, ndipo wajue hujawaletea ugonjwa.

Unajua Njoroge alisema nini? Ati ameokoka, siku hizi hanywi. Mtu anayeuza dumu kwa dumu kule Kanduyi, ameokoka. Kariuki aliangalia viatu vyake. Mzee hakugombana na mtu. Aliinusa pembe, akaiweka chini, mbali na miguu yake, vile unavyoweka kitu kichafu ulichomnyang'anya mtoto. Akasema turudi Jumamosi, na tuje na kitu ambacho angalau mmoja wetu anaweza kunywa. Tukishindwa, tusirudi tena, kwa sababu atakuwa amejua tunamwona binti yake namna gani. Nafula alikuwa mlangoni na trei ya chai. Alisikia yote.

Lakini Njoroge alisahau tunda moja. Lile ulilonipa nilipoolewa, limefungwa kwenye leso ya Mama, wajomba wakicheka ati muratina si kazi ya mwanamke. Uliniinamia sikioni na mimi nikidhani ni baraka. Ukasema, "Usilioshe." Basi, hiyo ndiyo baraka niliyoondoka nayo. Limekaa juu ya moshi wa jiko langu tangu hapo, likishuka Krismasi kuchachusha na kurudi. Juzi nimelitumbukiza kwenye asali ya jirani. Jana pipa lilikuwa kimya kabisa na nikalia, nikidhani tunda nalo limekufa kama wewe. Leo asubuhi nimeweka sikio, linachemka polepole, kama mvua nyepesi juu ya mabati. Nimelia tena, lakini hayo ni machozi mengine.

Wajomba wameshasema mwanamke hawezi kubeba pembe mbele ya wakwe. Njoroge anasema nitamwaibisha. Yeye, anayeuza uso wako. Pembe iko hapa kwangu na sitaitoa. Nimeisugua kwa majivu na maji ya moto hadi vidole vinauma, na bado harufu ya ile takataka haijaisha yote. Chupa moja niliyonunua Kanduyi nimeibandua picha yako, nimekuweka ndani ya Biblia. Iliyokuwa ndani nimeimwaga chooni, na ninakwambia choo ndicho kilichoonewa.

Lala sasa, Baba, uko mbali na upuzi huu. Sikuahidi kwamba nitamsamehe mwanao, hilo niachie kwanza. Ninakuahidi hili moja. Jumamosi, kule Kabuchai, kabla pembe haijamfikia mtu yeyote, nitasimama katikati yao nikiwa na nguo yangu ya kanisa, nitainywa yote, na wanitazame koo.

Binti yako,
Wambui