Nusu ya Pili ya Filamu

Tandika, Temeke
Jumatatu

Kaka yangu Talha,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu uipokee kabla hujauliza kwa nini nimeandika barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu utanikatiza, nakujua. Vipi hali yako, wifi Raudha na watoto, na wanafunzi wako wa madrasa hapo Kilwa? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua akikaa chini muda mrefu, lakini sauti haina ugonjwa wowote, majirani ni mashahidi.

Kaka, filamu imekwisha! Ile niliyoihangaikia miaka yote hii, ya mama muuza mihogo aliyempoteza mwanawe kwenye maonyesho ya Sabasaba, imekamilika na imechaguliwa kushindanishwa kwenye tamasha la filamu hapa mjini. Tulipoionyesha mara ya kwanza hapa Temeke, wanawake walilia mpaka fundi wa sauti akadhani spika zake zimeharibika. Mimi nilisimama mlangoni kwa furaha, kukaa nimeshindwa.

Hadithi unaijua, maana wewe ndiye uliyenisimulia. Mama alikuwa hataki nikanyage banda la video, eti si mahali pa mtoto wa kike. Basi wewe ulikuwa ukirudi unakaa nami uani, unanisimulia filamu ya Kihindi ya siku hiyo tangu wimbo wa kwanza hadi mwisho. Ile ya mtoto aliyepotea sikuisahau. Mtoto anakua, anamwona mama yake anakaanga mihogo barabarani, anamtambua lakini anaona haya kusema. Kila siku anakuja kununua, anakula kimya, anaondoka. Mpaka siku moja mama anamwekea kipande cha nyongeza na kumwambia kwamba alimjua tangu siku ya kwanza, alikuwa anangoja aseme mwenyewe. Nililia uliponisimulia, na nililia tena nilipokuwa naiandika.

Sasa sikiliza vituko. Majaji walituita mmoja mmoja kutuhoji. Mimi nilipangiwa mzee Projestus, mwalimu wa sanaa mstaafu, mtu wa Bukoba, mpole, hapandishi sauti. Aliniuliza hadithi nimeitoa wapi. Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba nimeiazima kwenye filamu ya zamani ya Kihindi. Akashusha miwani. Akasema basi filamu yangu ni kiporo, kitamu lakini kiporo, na yeye hawezi kutoa tuzo ya hadithi bora kwa chakula cha jana.

Kaka, nilichemka! Nilimwambia, kwa heshima lakini nilimwambia, kwamba nusu ya Dar inakunywa chai asubuhi kwa kiporo na hakuna anayelalamika. Kwamba hata bibi zetu walisimulia walichosimuliwa, na aliyejua kutia chumvi yake ndiye watoto waliyemkimbilia. Nikamwomba apime nilichokifanya na hicho nilichoazima. Alicheka kidogo, akasema sawa, nimletee hiyo filamu ya zamani ailinganishe na yangu. Akiona nimeongeza cha maana, nitabaki mashindanoni. Nisipoongeza kitu, naondolewa.

Nikamtafuta Badru. Unamkumbuka Badru, yule aliyekuwa anatafsiri filamu kwa kipaza sauti pale bandani, India nzima akaigeuza Manzese? Siku hizi ana duka la filamu na muziki, kichwa mvi, mdomo uleule. Alipekua maboksi yake mpaka akaipata. Tukakaa kuitazama, mimi nimejiandaa kuhesabu nilichoongeza.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri: maonyesho, umati, mtoto anaachia mkono wa mama yake. Yakaja mapumziko. Baada ya hapo, kaka yangu, yule mtoto kawa inspekta wa polisi, kapigana na majambazi juu ya treni, mama kapigwa risasi, kafufuka katikati ya wimbo! Mihogo hakuna. Nikamuuliza Badru kama ile mihogo aliiweka yeye katika kutafsiri. Ujinga wangu, sikuwahi hata kushangaa Wahindi wa kwenye sinema kula mihogo na kachumbari. Badru akaapa kwamba hajawahi. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akanieleza kwamba kaka yangu hakuwahi kuiona nusu ya pili ya filamu yoyote pale bandani. Ikiadhiniwa alasiri tu, ulikuwa unanyanyuka na juzuu yako mkononi, mbio madrasa, usije ukachapwa.

Talha, ina maana miisho yote ilikuwa yako! Ulikuwa unaitunga njiani ukirudi, ili mdogo wako asikose mwisho. Kumbe zile filamu nilizozipenda hazikuwa India wala popote, zilikuwa uani kwetu tu. Nililia mbele ya Badru bila aibu, na furaha niliyonayo tangu siku hiyo sijui niiweke wapi.

Nilirudi kwa mzee Projestus na ile filamu ya zamani, nikamweleza. Nilimwambia kwamba bado nimeazima, na bado sioni aibu, ila niliyeazima kwake ni mtu hai. Akasema basi nitabaki mashindanoni, ila mtu hai huombwa ruhusa. Ndiyo maana ya barua hii. Nataka jina lako litokee kwenye filamu kama mtunzi wa hadithi. Najua wewe sasa ni ustadhi, na huenda hutaki wazazi wa wanafunzi wako walione jina lako huko. Ukikataa nitaitoa filamu mashindanoni na sitakulaumu. Kuibeba tuzo peke yangu kwa hadithi yako, hilo siwezi.

Mama anakusalimu sana, anasema umpelekee wifi salamu zake na uwabusu watoto. Badru naye anakusalimu, bado anacheka. Majibu yako nayasubiri kwa hamu.

Filamu itaonyeshwa Jumamosi ya wiki ijayo. Nimewaomba waianze baada ya isha, ili pasiwe na adhana ya kukutoa ukumbini. Safari hii njoo ukae mpaka mwisho.

Mdogo wako akupendaye,
Najat